Nashindwa kuitikia amina akiombewa baba

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Baba alituacha Wete, Pemba, nikiwa na miaka saba, akahamia Unguja akaoa huko. Mama hakupewa talaka wala matumizi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 alikuwamo ndani ya meli ya MV Spice Islander ilipozama Nungwi, na maiti yake haikuonekana. Kila mwaka mtaani kwetu tunawasomea hitima waliozama. Napewa juzuu yangu, naisoma mpaka mwisho. Ikifika dua watu wananyanyua mikono na kulia. Yangu inabaki mapajani. Shangazi ananiambia baba ni shahidi, na kwamba safari ile alikuwa anakuja kutuona. Je, napata dhambi?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullah. La, binti yangu, hupati dhambi. Kuitikia dua ya hitima ni jambo jema, si faradhi, na moyo hauamrishwi kulia. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alisema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Ulimi ndio uliowekewa mpaka.

Shangazi yako ana hoja. Hadithi ya Bukhari na Muslim inamhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Lakini Muslim amepokea nyingine pia: shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Hiyo sijaisikia ikisomwa kwenye kipaza sauti cha hitima hata mara moja.

Na deni lipo. Nafaka ya mke, yaani haki yake ya matumizi, haianguki kwa kupita miaka. Madhali mama yako alikuwa bado mkewe, wala si yeye aliyekataa kukaa naye, anamdai matumizi ya muda wote ule. Kama marehemu aliacha chochote, shamba la mikarafuu au hata cherehani, deni hilo linatolewa kabla warithi hawajagawana, na mama yako mwenyewe ni mrithi. Ama nafaka yako wewe, katika madhehebu yetu ya Shafi, nafaka ya mtoto ikishapita wakati wake haigeuki deni, ila kadhi awe aliihukumu. Lakini dhambi ya kukutelekeza haikuanguka pamoja nayo.

Usione kwamba kuniandikia haya ni kumsengenya maiti. Hind bint Utba alikwenda kwa Mtume akamwambia mumewe Abu Sufyan ni bahili, hampi yeye na wanawe cha kuwatosha. Mtume hakumkemea, alimwambia achukue katika mali yake kiasi cha kuwatosha kwa wema. Tulichokatazwa ni kuwatukana waliokufa, nawe hukutukana.

Sasa dua yenyewe. Nadhani unaona kwamba ukimwombea utakuwa umemshuhudia kuwa alikuwa baba mwema. Sivyo. Maghfira huombewa mwenye makosa. Asiye nayo angeombewa ya nini? Na huenda kinachokukwama kooni ni ile dua ya Sura al-Israa, "Mola wangu, warehemu kama walivyonilea utotoni." Kwenye hilo "kama" hata mimi ningesita. Ikikushinda kwa sasa, msomee baba maneno ya swala ya jeneza: Allahumma ghfir lahu warhamhu, yaani Ewe Mola, msamehe na umrehemu. Hayana "kama" ndani yake. Yaseme hata kwa ulimi mkavu, peke yako, baada ya swala ya alfajiri. Si lazima mtaa ukuone.

Kuhusu alikuwa anakuja kwenu au anakwenda kwingine, hilo amezama nalo. Shangazi halijui, nami silijui. Usilazimishwe kuliamini, wala usilikanushe mbele yake, kwani naye amefiwa na kaka.

La mwisho ni mama yako. Deni ni lake na msamaha ni wake. Usimsamehee wewe kwa niaba yake, wala watu wasimzunguke wakimwambia "msamehe tu, ni shahidi". Mwulize anataka nini. Lakini usimwulize siku ya hitima, sufuria za pilau ziko motoni na jikoni kumejaa wanawake. Mwulize mkiwa wawili.

Wallahu a'alam.