Barua kwa mwanangu: shika jiko, sahani mwachie mwenyewe

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, na mama yako naye kaisoma. Unasema mkeo amemaliza matibabu ya saratani ya matiti, yaani tibakemia (dawa kali za kuua seli za saratani) na mionzi, sasa anameza kila siku tamoksifeni, kidonge kinachozuia homoni ya kike ya estrojeni isiichochee saratani hiyo, na kila anayekuja kumjulia hali anakuja na marufuku zake: huyu anakataza sukari, yule maziwa, mwingine soya. Ana miaka 33 na amefika mahali anaogopa sahani yake mwenyewe. Nawe unaniuliza, "Baba, nimpikie nini ili ugonjwa usirudi?"

Nianze na lililo gumu. Hakuna chakula ambacho peke yake kitaizuia saratani ya matiti isirudi, wala hakuna tonge moja litakaloirudisha. Jambo hili limepimwa. Huko Marekani walifuatiliwa wanawake zaidi ya 3,000 waliokwisha kutibiwa. Kundi moja lilihimizwa kula mboga na matunda kwa wingi mno na kupunguza sana mafuta. Wenzao walipewa ushauri wa kawaida tu. Matokeo yalipotoka mwaka 2007, baada ya miaka kama saba ya kuwafuatilia, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa kiwango kilekile pande zote mbili. Sikwambii haya ili uache kununua mboga. Nataka siku mkeo akila kipande cha keki usimtupie jicho kana kwamba amejidhuru. Chakula kina kazi nyingine kwake sasa, nayo ni kubwa: kumrudishia nguvu, kumlindia moyo na mifupa, na kuzuia uzito usipande ovyo, maana matibabu haya huweza kukatisha hedhi ya mwanamke kijana kabla ya wakati wake, na hapo mwili hubadilika haraka.

Kwa hiyo shika jiko, sahani mwachie mwenyewe.

Hiyo soya wanayomtisha nayo ina viini vinavyofanana kidogo na homoni ya estrojeni, ndiyo maana watu waliihofia. Lakini Shanghai, ambako soya ni chakula cha kila siku, walifuatilia wanawake zaidi ya 5,000 waliougua saratani ya matiti, na mwaka 2009 wakatoa taarifa kwamba waliokula soya zaidi walifariki wachache na ugonjwa uliwarudia wachache, hata miongoni mwa waliokuwa wakitumia tamoksifeni. Basi akiipenda, ipike. Sukari nayo: kila seli ya mwili hutumia glukosi, yaani sukari iliyo kwenye damu, na mtu asipoila mwili huitengeneza wenyewe, kwa hiyo kumnyima chai yenye sukari hakuilazi saratani njaa. Ipunguzeni kwa sababu ya uzito, na mpunguze nyumba nzima, isiwe yeye peke yake.

Palipo na ukali wa kweli ni kwenye pombe. Hiyo imethibitishwa kuchangia saratani ya matiti, hata ikinywewa kidogo, na msaada wako hapo ni kutoiingiza nyumbani. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa ziwe za nadra. Nyama nyekundu, wataalamu wanashauri isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikiwa imeshapikwa. Sehemu kubwa ya sahani ijazwe na mboga, maharage, dengu, na nafaka isiyokobolewa. Kando yake samaki, kuku au mayai. Kwa ajili ya mifupa, maziwa au mtindi, na wale samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Tena mpike chungu kimoja kwa wote. Chakula cha mgonjwa kinachopikwa pembeni humkumbusha mtu ugonjwa wake kila anapoketi kula.

Wakija na unga wa mizizi, chai za tiba au vidonge vya virutubisho, pokea kwa shukrani halafu uviweke kabatini mpaka daktari wake avione. Ipo mitishamba inayopunguza nguvu ya tamoksifeni. Hata balungi ulizie kwanza.

Sasa nije kwenye jiko lenyewe, kwa sababu hapo ndipo naona hukuniuliza na ndipo utakapofaa zaidi. Baadhi ya dawa za tibakemia huacha ganzi kwenye vidole kwa muda mrefu. Mtu anashika kisu na hasikii makali, anagusa mfuniko na hasikii moto. Na kama mkeo aliondolewa tezi za kwapani, mkono wa upande ule haupendi majeraha: mkato mdogo au kuungua huweza kuingia vijidudu, na mkono ukavimba. Kuinua sufuria iliyojaa na kumwaga maji ya moto iwe kazi yako. Akitaka kuosha vyombo, avae glavu, na joto la maji mpimie wewe.

Ila usimfukuze jikoni. Mama yako alipokuwa akitibiwa alikaa kwenye kiti karibu na meza akichambua mboga na kunielekeza chumvi na viungo. Nilikuwa mikono yake, lakini mapishi yalibaki yake. Kijiko cha chuma kilimpa ladha ya sarafu mdomoni, tukahamia cha mbao. Harufu ya vitunguu vikikaangwa ilimchefua kabisa, kwa hiyo nilikaanga akiwa nje anatembea, na chakula nilimpa kikiwa kimepoa, kwani cha vuguvugu hakitoi harufu kali. Huenda mkeo hayo yameshampita. Muulize, usikisie.

Uchovu ndio utakaodumu. Siku mliyo na nafasi pika mara mbili ya mnachohitaji, gawanya kwenye vibakuli vya mlo mmoja mmoja, viingie kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu mmalize kupika, vingine mvigandishe. Siku akiwa hoi na wewe uko kazini, atapasha tu mpaka mvuke utoke. Na ndugu wakiuliza wasaidie nini, wape siku na chakula: wewe Jumanne, maharage, wewe Ijumaa, samaki. Wanaobaki na "ukihitaji chochote sema" huwa hawaitwi.

Jioni mkishakula, tokeni mtembee pamoja. Dakika 150 kwa wiki ndizo zinazoshauriwa, lakini anzeni na kumi.

Kwenye kliniki ijayo omba akutanishwe na mtaalamu wa lishe, na mwende wote wawili. Mama yako anasema atampigia simu Jumamosi jioni, na maongezi yatakuwa marefu. Siku hiyo usisubiri simu iishe ndipo uanze kupika.

Ni mimi baba yako.