TV ina sauti ila kioo cheusi? Mulika tochi kwanza kabla hujaipeleka kwa fundi

Wadau, flati nyingi ninazoletewa mwenye nayo ashakata tamaa, ashaambiwa huko "kioo kimekufa", nikiifungua kioo kizima kabisa, kilichokufa ni taa za nyuma yake. Inaniuma sana maana bei ya kioo na bei ya taa ni mbingu na ardhi, kioo kinakaribia bei ya TV mpya wakati taa za inchi 32 ni hela ya kawaida tu.

Kama sauti inatoka ila picha hamna, subiri usiku, zima taa za chumbani, acha TV ikiwa imewaka halafu mulika tochi ya simu karibu kabisa na kioo, mulika kwa pembeni sio moja kwa moja. Ukiona picha kwa mbali, watu wanatembea, maandishi yanapita, basi kioo ni kizima na bodi kuu (ile inayotengeneza picha) inatoa picha, mara nyingi shida iko kwenye taa za nyuma au saketi inayoziendesha. Kioo cha LCD hakitoi mwanga chenyewe, kinamulikwa na LED zilizopangwa nyuma yake, na zile LED zimeungwa moja baada ya nyingine, moja ikikatika umeme haupiti na mstari wote unazima. Ndo maana kuna TV ukiwasha unaona picha sekunde moja halafu giza, saketi imegundua hitilafu ikakata. (OLED, yaani TV ambazo kioo chake kinawaka chenyewe, hazina taa za nyuma, kipimo hiki hakizihusu.)

Picha ikianza kuwa ya bluu au zambarau taa zimeshachoka, ingia setingi ushushe mwanga wa nyuma zidumu kidogo.

Mistari sasa. Bonyeza menyu kwenye rimoti ya TV yenyewe, sio ya king'amuzi. Menyu ikitokea safi haina mistari, angalia king'amuzi au waya wa HDMI, usiifungue TV. Ila mistari ikikatiza mpaka kwenye menyu, tatizo liko ndani, na kama ni ya wima na inabadilika ukigusa fremu, mara nyingi ni zile tepe nyembamba zilizogandishwa ukingoni mwa kioo, hapo mtu akikwambia anabadilisha bodi kuu mkatalie. Nusu ya kioo kukosa picha, au sura za watu kutokea na rangi zilizogeuka, anza na tikoni (bodi ndogo inayopeleka picha kwenye kioo) na waya bapa unaoingia pale, kuna wakati kuuchomoa, kuusafisha kwa spiriti na kuurudisha vizuri kunatosha kabisa. Madoa meusi kama wino uliomwagika ni kioo kimepasuka kwa ndani hata kama kwa nje ukipapasa ni laini, na hapo usitoe hela yako.

Tafadhali sana, kama hujui umeme usifungue mfuniko wa nyuma, kapasita kubwa (kifaa kinachohifadhi umeme) ya pawasaplai inaweza kushika zaidi ya volti 300 hata ukiwa umechomoa waya ukutani.

Na ukishajua ni taa, piga picha stika ya modeli nyuma ya TV uende nayo dukani, mwambie fundi abadilishe seti nzima, maana zilizobaki zina umri uleule na akichanganya mpya na za zamani kioo kinakuwa na mabaka ya mwanga.