Usijifiche, lakini usianze na ugomvi

Dada wa Likoni, pole. Unasema umeokoka, mjomba anayekulea ameapa kukufukuza akikuona na Biblia, na sasa unaisoma usiku kwa tochi ya simu. Hofu hiyo haimaanishi huna imani. Nikodemo naye alimwendea Yesu usiku, na baadaye akajitokeza kumzika wakati wengi walikuwa wametoroka.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 32, inakupa uhuru wa dini, ila haikupi pa kulala. Kwa hiyo kwanza ongea na mzee wa kanisa au mama unayemwamini, ujue nani atakupokea mambo yakichacha. Kisha mwendee mjomba mwenyewe, baada ya chakula cha jioni, wageni wasiwepo. Mwamkie, umwambie: “Mjomba, mimi namfuata Yesu. Heshima yangu kwako haijapungua.” Basi. Dini yake usiiguse. Akifoka, nyamaza.

Na tafadhali, usitangulize tangazo kwenye stetasi ya WhatsApp! Majirani watamfikishia kabla hujafungua mdomo.

Akikuinulia mkono, usingoje kupambazuke. Nenda kwa yule uliyeongea naye.