Madeni yamenibana na hela ya ofisi nashika mimi

SWALI: Mimi ndo nashika peti keshi ofisini, miaka yote sijagusa hata senti, ila tangu madeni yanibane najikuta nawaza nichukue kidogo, ntarudisha mshahara ukitoka. Je, nimeshakuwa mwizi?

JIBU: Hapana ndugu yangu, umebanwa tu, na kubanwa kunabadilisha akili jamani. Utafiti mmoja wa 2013 uliwapima wakulima wa miwa India kabla ya mavuno wakiwa wamekaukiwa, halafu baada ya mavuno hela ikiwepo, watu walewale, na kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Yaani ukikosa, kichwa chote kinahamia kwenye shida ya leo.

Sasa hiyo "ntarudisha" yako ndo inanitisha. Donald Cressey, mtaalamu wa uhalifu wa Marekani, aliwahoji wafungwa waliokula hela walizoaminiwa, na mwaka 1953 akaandika kwamba walikuwa na shida ya pesa wasiyoweza kumwambia mtu, waliona upenyo, na walijiambia maneno ya kujituliza, mfano nimekopa tu. Wewe upenyo unao, maneno unayo, imebaki siri. Ivunje wiki hii hii! Omba advansi kwa maandishi, na umwombe mwenzako muwe mnahesabu wote hela jioni mnasaini. Na mabosi mnaosoma hapa, kumcheleweshea mtu mshahara huku funguo za hela anashika yeye ni kumtega, hiyo si haki kabisa.