Fedha ya Droo: Kwa Wadogo Zangu Mnaofungua Fremu za Nafaka Moshi

Kila mwaka msimu wa sikukuu unapokaribia, hufunguliwa fremu mpya za mchele na maharage katika soko la Mbuyuni na mitaa inayolizunguka, na kila mwaka mvua za masika zinapoanza, baadhi ya fremu hizo huwa zimekwisha kufungwa na mwenye jengo anatafuta mpangaji mwingine. Wanaozifunga ni vijana wachapakazi, wanaoamka kabla ya alfajiri, wanaojua kuzungumza na mteja, na mara nyingi walianza na mtaji mkubwa kuliko tuliokuwa nao sisi tuliowatangulia. Wanaanguka kwa makosa yale yale yaliyomwangusha jirani yao mwaka uliopita, na nimeona niyaandike kwa sababu kuendelea kuwatazama huku nimenyamaza kunaniuma.

La kwanza litachukua nafasi kubwa kuliko mengine yote, kwa kuwa asiyelishika hili hatanufaika na yanayofuata. Fedha iliyomo kwenye droo jioni si yako. Tuseme umenunua mchele kwa shilingi 2,200 kwa kilo na unauuza kwa 2,500. Ukifunga hesabu ukakuta laki moja, basi 88,000 ni ya mzigo utakaorudi stoo, au ni ya mkulima aliyekupa mali kauli, yaani mzigo unaoulipia baada ya kuuuza, na ile 12,000 iliyobaki inasubiriwa na pango la fremu, ushuru wa soko, gari la mizigo, vijana wa kupakua, mlinzi na mifuko. Kinachobaki baada ya hao wote kuchukua chao ndicho chako, na ziko siku ambazo hakibaki kitu. Kijana anayeanza hauoni mgawanyo huo. Anaiona laki moja nzima, anamlipia rafiki chakula cha mchana, anachangia harusi, anatuma nyumbani kidogo, na kwa kuwa kila tendo kati ya hayo ni jema, haimjii akilini kwamba anakula mtaji.

Nililiona jambo hili kwa karibu dukani kwa shangazi yangu, ambako ndiko nilikojifunza kazi hii. Shangazi alikuwa akipokea mchele kwa mali kauli kutoka kwa mzee mmoja wa Chekereni, mkulima katika mashamba ya umwagiliaji ya Lower Moshi, yale yaliyojengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Japani. Mzee huyo alikuwa akivuna, anaanika, anakoboa mashineni, kisha analeta magunia hadi mlangoni na kuondoka bila karatasi yoyote. Alichokuwa akisubiri ni simu ya shangazi kwamba mzigo umekwisha, aje achukue fedha yake. Walikuwa wamefanya kazi namna hiyo kwa miaka mingi, na mimi niliyeshika droo na daftari nilidhani utaratibu huo ni imara kama mlima unaotutazama.

Ikafika Desemba. Ninyi mnaoijua Moshi mnajua Desemba ilivyo: watu waliotawanyika Dar es Salaam na mikoani wanarudi nyumbani kwa Krismasi, vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya Machame, Marangu na Rombo vinajaa wageni, na mchele unauzwa kwa gunia badala ya kilo. Droo ilikuwa ikijaa kabla ya saa sita mchana. Mwaka huo huo kitinda mimba wa shangazi alikuwa akipata kipaimara, na sherehe ya kipaimara kwetu si jambo dogo. Shangazi alianza kwa kuchukua fedha ya turubai na viti, nami nikaiandika. Akachukua ya mbege na vinywaji vingine, nikaiandika. Akachukua ya mbuzi wa ndafu, ya mavazi, ya mpiga picha, ya nauli za ndugu waliokwama njiani, na ilipofika hapo aliniambia kwa upole nisijisumbue kuandika, kwani ni fedha ya nyumbani na atairudisha sikukuu ikipita. Nikaacha. Katika daftari lile safu ya mauzo iliendelea kujaa mstari kwa mstari kwa wino wa bluu, na safu ya matumizi iliyokuwa pembeni yake ikabaki nyeupe hadi mwisho wa mwezi. Mtu ambaye angelifungua siku hiyo angesema duka linastawi kuliko wakati wowote.

Sherehe ilifana, na watu walikula wakashiba. Januari ikaingia, wageni wakapanda mabasi kurudi mijini, na waliobaki wakaanza kutafuta ada na sare za shule. Mauzo yalishuka ghafla, kama yanavyoshuka kila Januari. Tulipokaa kuhesabu tulikuta mchele umekwisha stoo na fedha ya kumlipa mzee haipo. Fanyeni nami hesabu ili muone uzito wake: kwa faida ya shilingi 300 kwa kilo, kila laki tano zilizotoka nje ya utaratibu zilihitaji kuuza karibu magunia 17 ya kilo 100 ili zirudi, na hapo pango na ushuru havijalipwa, na magunia yenyewe ya kuuza hayapo.

Hata hapo duka lilikuwa bado linaokoleka. Lililotuangusha ni tulichofanya baadaye. Mzee alipopiga simu haikupokelewa. Alipokuja mwenyewe, akiwa amevaa sweta na kofia yake ya kila siku, niliagizwa kumwambia kwamba shangazi amekwenda msibani Rombo. Alinipa pole, akaketi juu ya gunia tupu lililokunjwa, akanywa chai niliyomletea, akaniuliza habari za sherehe, akaondoka. Alikuja tena, nami nikamwambia jambo jingine. Siku alipomkuta shangazi ana kwa ana hakupandisha sauti. Aliomba waandike deni kwenye karatasi, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, kisha akamweleza kwamba angepigiwa simu wiki ya kwanza ya Januari angekubali kulipwa kidogo kidogo hadi mavuno yajayo, maana hata yeye amewahi kukwama. Deni lililipwa baada ya shangazi kuuza ng'ombe wake wa maziwa. Msimu uliofuata mchele wa mzee ulipita mbele ya mlango wetu ukashushwa kwa jirani, na sisi tukabaki na rejareja ya kilo mbili, kilo tatu, kwa muda mrefu.

Shangazi alijenga upya, na alichokianzisha ndicho ninachowasihi mkianze mapema. Alijiwekea mshahara. Kila Jumamosi alichukua kiasi kile kile, kikaandikwa kama anavyoandikiwa kibarua, na haja yoyote ya nyumbani, iwe mchango, dawa au soda ya mgeni, ilitoka kwenye mshahara huo. Ndugu walipomjia aliwasaidia kwa kile alichokuwa nacho yeye, na walipoomba zaidi aliwaambia hana, nao ulikuwa ukweli. Msidhani hilo lilimfanya kuwa mchoyo. Nimewaona wengi waliosaidia ukoo mzima kwa mwaka mmoja kwa kutumia mtaji, kisha wakawa wao wenyewe wa kusaidiwa, na nimemwona shangazi akisomesha watoto wa ndugu zake hadi chuo kwa fedha ya Jumamosi.

La pili limekwisha kujitokeza katika hayo: ukijua hutaweza kulipa tarehe mliyokubaliana, piga simu kabla ya tarehe hiyo.

La tatu ni daftari. Andika kila siku, kila kinachoingia na kila kinachotoka, hata kama aliyechukua ni mama yako mzazi. Daftari hukusaidia hata mbele ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, jambo ambalo wengi wenu hamlijui mnapolalamikia makadirio ya kodi. Katika viwango vya kodi vilivyopitishwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 7 na milioni 11 kwa mwaka ambaye hatunzi kumbukumbu aliwekewa kodi ya 250,000, ilhali anayetunza aliwekewa 90,000 pamoja na asilimia 2 ya mauzo yanayozidi milioni 7. Chukua majirani wawili wenye mauzo ya milioni 9 kila mmoja: mwenye daftari analipa 130,000, na asiye nalo analipa karibu mara mbili ya hiyo kwa biashara ile ile. Kodi hiyo hulipwa kwa awamu nne kwa mwaka, kwa hiyo itengeeni fedha kila wiki badala ya kuhangaika nayo mwisho wa Machi.

La nne ni mzigo wenyewe. Ng'ata punje kabla ya kununua, kwa kuwa mpunga uliokobolewa bila kukauka vizuri hukatika mashineni na utajikuta umenunua chenga kwa bei ya mchele. Usikubali lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, hata pale inapokunufaisha wewe mnunuzi. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na zaidi ya sheria, mkulima uliyemnyonya kwa lumbesa mwaka huu hatakupa mali kauli mwaka ujao.

La tano ni mikopo, na hapa nazungumza kwa uchungu kwa sababu kausha damu, ile mikopo ya haraka yenye riba kali, imewaondoa sokoni vijana niliowapenda. Mkopo unaodai marejesho ya kila siku haulingani na biashara ya nafaka, ambayo mzigo wake unaweza kukaa stoo wiki kadhaa ukisubiri bei. Kabla ya kusaini, dai kuona leseni ya mkopeshaji, kwani tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 wakopeshaji hawa wanapaswa kuwa nayo. Waulizeni pia maofisa maendeleo ya jamii wa kata zenu kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Inahitaji kikundi, katiba, vikao na subira, na vijana wengi huikimbia kwa sababu ya vikao hivyo, wakaenda kukopa kwa dakika tano fedha watakayoilipa kwa machozi.

La sita, msiharakishe kuacha kazi. Marehemu Reginald Mengi, mfanyabiashara maarufu mzaliwa wa Machame, alianza kuunganisha kalamu nyumbani kwake akiwa bado anafanya kazi yake ya uhasibu. Aliye na ajira Arusha au hapa Moshi anaweza kuanza na mzigo mdogo wa mwisho wa wiki, na asiye na ajira aombe kwanza kushika droo ya mtu mwingine kwa msimu mzima, Desemba na Januari zote mbili, maana aliyeiona Desemba peke yake hajaiona biashara hii.

Wanaokusudia kufungua fremu msimu huu nawashauri waanze na magunia machache waliyolipia taslimu, wayauze, wanunue mengine kwa fedha hiyo, na wafanye hivyo hadi wauone mzunguko wake wenyewe, ndipo wafikirie kuomba mali kauli. Fedha ya pango la miezi ijayo itengwe kabla sikukuu hazijafika, na lipa namba ya duka, ile ya kupokelea malipo ya simu, iwe ya duka, tofauti kabisa na namba yako ya simu ya kila siku. Siku mkulima atakapokuamini akakushushia mzigo bila karatasi, mwandikie wewe, hata kama hakuomba: jina lake na lako, idadi ya kilo, bei mliyokubaliana, tarehe ya malipo na sahihi zenu wawili, kisha mpe nakala aende nayo nyumbani.