Barua kwa mwanangu: Mtoto anahesabu Jumamosi

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo, machungwa yameiva mpaka bei imeanguka, mama yako analalamika kama kawaida yake. Ule ujumbe wako wa sauti wa dakika tisa tumeusikiliza mara mbili. Nakujibu kwa kalamu maana vidole vyangu na simu havipatani. Mtoto wa kaka yako ataipiga picha barua hii akutumie.

Umesema kila Jumamosi ninyi wanachuo wa Mlimani mnakwenda kwenye kituo cha watoto kule Manzese kuwafundisha wadogo wa darasa la kwanza na la pili kusoma, na Jumatano mnapita shule ya jirani. Juzi mvulana mmoja akakushika kidole: "Madamu, utakuja tena lini?" Ukamwambia wiki ijayo, huku unajua mitihani imefika na baada yake mnatawanyika kwenda field, mafunzo kwa vitendo. Halafu yule mwalimu wa shuleni akakuchoma: "Nyie mnakuja kucheza, kelele mnaniachia mimi." Sasa unaniuliza: baba, tunawasaidia wale watoto au tunajifurahisha wenyewe?

Yote mawili, na la pili si dhambi. Lakini ngoja.

Unajua nilivyoingia darasani. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe wameandikishwa ifikapo 1977, na walimu wa kuwafundisha hawakuwepo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, nami nikiwemo, umri miaka kumi na saba, suruali ya kaka yangu. Nusu ya siku tunafundisha, nusu ya siku sisi wenyewe ni wanafunzi, masomo mengine tukiyapata kwa redio. Mpango wenyewe uliitwa UPE, kwa Kiingereza elimu ya msingi kwa wote; watu walitutania: UPE, Ualimu Pasipo Elimu. Utani ule uliniuma kwa sababu ulikuwa na ukweli ndani yake. Wewe leo unajua mengi kuliko nilivyojua mimi wakati ule. Nilichokuwa nacho ni kwamba Jumatatu nipo, Jumanne nipo, mvua ikinyesha nipo.

Miaka mingi baadaye wakaja wanachuo shuleni kwetu. Chuo gani sikitaji. Fulana za rangi moja, kamera, pipi. Wakaanza kutuchorea herufi kwenye ukuta wa nje wa darasa la kwanza, kubwa, kwa rangi ya mafuta: a ya ananasi, b ya bata. Wachoraji wazuri, siwanyimi haki yao. Siku ya tatu wamefika m ya maua, gari likaja kuwachukua, wakasema watarudi kumalizia. Watoto wangu waliuliza muhula mzima. Mwisho nikachukua mkaa nikaendelea mwenyewe: n ya nazi, p ya paka, na paka wangu alifanana na panya. Kila masika mvua ikawa inaosha nusu yangu, nusu yao inabaki inang'aa, nami natafuta mkaa mwingine. Nimestaafu 2019 ukuta uko hivyo hivyo.

Kwa hiyo huyo mvulana usimwambie tena "wiki ijayo" kwa kuogopa uso wake. Mtoto wa miaka saba hajui semista wala field, anajua Jumamosi. Chukua karatasi, mchoree visanduku, kila Jumamosi iliyobaki kisanduku kimoja. Vikiwa vitatu, viwe vitatu. Kila ukija akipake rangi kimoja kwa mkono wake. Siku ya mwisho atalia, na wewe utalia ndani ya daladala, lakini hatakaa getini wiki inayofuata akikungoja.

Na huyo mwalimu ana haki. Ada ilipofutwa, ule wakati wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, niliandikisha darasa la kwanza watoto zaidi ya mia, mimi peke yangu, madawati yasiyotosha nusu yao. Elimu bila ada ya 2016 ikaleta wimbi jingine. Sasa fikiria mnaingia wanachuo sita, mnawarusharusha kwa nyimbo mpaka saa nne, mnaaga, na saa nne na dakika tano yeye anatakiwa afundishe kutoa kwa kukopa. Hata mimi ningewanunia. Jumatano ijayo nenda peke yako, mwamkie, kaa nyuma ya darasa kimya, kisha muulize: "Mwalimu, ni kina nani wamekwama, na wamekwamia wapi?" Atakutajia majina bila kufungua daftari. Hao ndio wako.

Chukua wanne. Arobaini ni wa kupiga nao picha. Wapange kwa wanachokiweza, wala usiangalie darasa au kimo: wa herufi, wa silabi, wa sentensi. Mwenye watoto mia hawezi kumsikiliza mmoja mmoja akisoma. Mwanachuo mwenye wanne anaweza, na kwa hilo nyinyi ni mali.

Mtoto akikusomea ukurasa mzima bila kukwama, usikimbilie kumpigia makofi. Nilikuwa na binti aliyesoma habari za kuku kwa sauti ya redio, neno kwa neno, kitabu amekishika kichwa chini miguu juu. Alikuwa amekariri kwa wenzake waliomtangulia. Funika picha kwa kiganja, weka kidole kwenye neno la katikati, uliza: hili? Akikwama usimtajie. Mrudishe kwenye ma, me, mi, mo, mu. Kiswahili kina huruma kwa mtoto, kinaandikwa kama kinavyosemwa. Wanapozama ni kwenye nyw, mbw, na ile ng' ya ng'ombe dhidi ya ng ya ngoma. Andika "ng'oa" na "ngoja" pamoja, umwambie angoje, kisha ang'oe. Atacheka, halafu hatazichanganya.

Kabla ya kwenda field, andika kwenye daftari kila mmoja ameishia wapi, umkabidhi mwalimu au wanachuo wenzako wa mwaka wa kwanza. Mstari mmoja kwa mtoto unatosha.

Nauli usikope. Bumu, hiyo pesa yenu ya mkopo wa chuo, likichelewa baki hosteli usome, ila mpigie mlezi wa kituo mapema, watoto wasikae mlangoni.

Mama yako anasema unakula nini. Jumatano nitampa kondakta wa basi kifurushi, kakipokee Stendi ya Magufuli. Machungwa ni ya kwako. Kwenye kopo kuna vizibo vya soda nilivyokuwa nafundishia, kila kimoja kina silabi yake, wanaviunga mezani wanapata maneno. Nimevihesabu, "ng'a" haipo, nadhani kuna mtoto alitembea nayo. Tafuta kizibo hapo dukani, uiandike.

Baba yako