Mota, mzinga na bunduki ya mbao

Mhariri, swali lenu la wiki hii limewaendea wastaafu wa jeshi: ulitumikia kikosi gani, na mlitaniana vipi na wenzenu wa vikosi vingine? Mimi nilianzia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), nikachukuliwa JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania), nikapangiwa kikosi cha askari wa miguu, na humo nikawekwa upande wa mota. Nilipigana vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, nikaendelea na utumishi, nikastaafu nikiwa Sajinitaji. Sasa naishi Tabora, nafuga nyuki. Nitajibu kwa kirefu, kwa sababu wapo watu ambao swali lenu halitawafika, nami nataka kuwasemea.

Nianze na mota, maana ndiyo iliyofanya nitaniwe na kila mtu. Mota ya milimita 82 ni silaha ya askari wa miguu, inabebwa mgongoni kwa vipande vitatu: mtutu, miguu na kitako. Lakini kombora lake linapanda juu na kushuka kama la mzinga. Basi wenye bunduki walituhesabu kuwa watu wa nyuma, tusiomwona adui usoni, na wapiga mizinga walituita watoto wa nje. Ukikaa na wa bunduki unaambiwa nenda kwa ndugu zako wenye mizinga. Ukienda kwa wenye mizinga unaulizwa, wewe si ni wa miguu?

Mimi nilikuwa mbeba kitako. Ni bamba la chuma la kilo kama 20, unalifunga mgongoni kwa mikanda, na ile mikanda inatafuta mfupa wa bega mpaka iupate. Machi 1979 mvua zilikuwa zimeanza, na huko Uganda barabara ya kutoka Masaka kwenda Lukaya inapita kwenye kinamasi. Ukipiga makombora matatu manne kwenye ardhi ya namna ile, kitako kinazama, mtutu unalala na shabaha inapotea. Inabidi msimamishe kupiga, mkichimbue kwa sururu na kwa mikono, mkitandikie magogo, muanze upya. Siku moja tukiwa kwenye kazi hiyo, tope mpaka kwenye kope, likapita lori linalovuta mzinga wa milimita 122. Sajini mmoja Mzaramo akachungulia kutoka juu: "Jamani, mihogo ya huku imekomaa?" Tukamwambia ashuke aje aonje. Lori halikusimama, lakini jioni yakaja magunia matupu ya kujaza mchanga na kuweka chini ya kitako. Aliyeyaleta alikuwa na maneno ya kufikisha: "Sajini kasema haya ni ya kufungia mihogo yenu." Kitako hakikuzama tena kwa namna ile.

Watu wa mizinga walikuwa na majigambo, na lazima niseme walikuwa na haki nayo. Waganda walipoupa mtambo wa kurushia maroketi wa BM-21 jina la Saba Saba, hapakukalika. Kila mpiga mzinga, hata ambaye hajawahi kuugusa mtambo huo, akawa Saba Saba. Sisi tuliwaita viziwi. Tulisema ukitaka kumkopa mpiga mzinga, mkope kwa kunong'ona, maana ataitikia tu ndiyo ili usijue kwamba hakusikia. Wao wakajibu kwamba sisi tunasikia sana ndiyo maana tunalala chini mapema. Wahandisi wa medani, kwa upande mwingine, hatukuwatania sana. Daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa na askari wa Amin mwanzoni mwa Novemba 1978, na kabla mwezi huo haujaisha wahandisi wetu walikuwa wameshatuwekea njia ya kuvuka Mto Kagera. Mtu akishakuvusha mto ule, unapata wapi mdomo?

JKT nayo ina utani wake, na huu ninao kwa pande zote mbili kwa kuwa nimevaa sare zote mbili. Wanajeshi wa JWTZ huwaita vijana wa JKT wakulima. Ulikwenda kujifunza kwata au kupalilia? Jibu la JKT ni la historia, na halina mpinzani: JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, JWTZ ikazaliwa tarehe 1 Septemba 1964. Baada ya maasi ya Januari 1964 katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, lile jeshi la Tanganyika Rifles lilivunjwa na jeshi jipya likajengwa kwa vijana wazalendo, wengine wakitoka humo humo JKT. Kwa hiyo mtu wa JKT akisema "tumewazaa wenyewe", unameza mate. Na wao kwa wao wana yao. Wawili wakikutana, swali la kwanza ni "wewe operesheni gani?" Kila kundi la vijana linaingia kwa jina la operesheni, na aliyetangulia ni kaka hata kama umri wake ni mdogo. Nimemwona mzee mwenye mvi akimpigia saluti kijana wa umri wa kumzaa kwa sababu ya hesabu hiyo, wakacheka mpaka wakakaa chini.

Watu wa Anga, yaani jeshi la anga, wamebeba mzigo mmoja tangu Machi 1979. Ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, aina ya Tu-22 ilitumwa kuipiga Mwanza, ikakosa mji, na makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Hakuna mtu wa Anga ninayemfahamu ambaye hajaulizwa habari za swala wale. Mlikuwa wapi? Mlikuwa mnapiga pasi mashuka? Na jibu lao wanalo: siku chache baadaye ndege zetu zilikwenda kupiga maghala ya mafuta huko Uganda. "Swala tuliwalipia," wanasema, "na chenji tukaacha." Nampenda mwanajeshi anayejibu hivyo bila kukunja uso.

Wanamaji wa Kigamboni nitawapitia haraka, siyo kwa kuwadharau, ila vita yetu ilikuwa ya nchi kavu na sikukaa nao sana. Tuliwaita wavuvi wenye sare. Wao walitushangaa jinsi askari aliyetembea kutoka Kagera mpaka Kampala anavyoshika kingo za pantoni la Kigamboni kwa mikono miwili.

Vijana waliostaafu juzi wana utani mpya. Hao walikwenda Darfur, walikwenda Kongo mwaka 2013 kupambana na waasi wa M23, na wanatuambia sisi wazee kwamba vita yetu ilikuwa matembezi ya hisani. Tunawaambia wao walipelekwa kwa ndege wakarudishwa kwa ndege. Halafu tunakaa nao na kuwasikiliza, maana wamezika wenzao kama sisi. Na wa brigedi wanatupiana majina ya wanyama: Nyuki ya Zanzibar wanasema nyuki mdogo anamfukuza mkubwa, na hapa kwetu Tabora kwenye brigedi ya Faru tunakumbushwa kila mara kwamba faru haoni mbali.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha kuandika.

Sisi tuna utani wa makabila, na wa jeshini umekua juu ya shina hilo hilo. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na wajukuu zao leo ni watani. Mtani anaweza kukutukana msibani, akaziba njia ya jeneza, akadai alipwe ndipo lipite, na hukasiriki, kwa sababu huyo huyo ameshika jembe la kuchimba kaburi. Haki ya kukutania ameipata kwa kuwa atakuzika. Askari tuliijua kanuni hii bila kufundishwa. Yule Sajini Mzaramo alituita wachimba mihogo kwa sababu alikuwa barabara moja na sisi, mvua moja, na kombora lililokuwa likitutafuta sisi lilikuwa likimtafuta na yeye.

Kuna kundi ambalo lilitaniwa kuliko sisi sote, nalo ni mgambo. Vita ilipoanza jeshi lilikuwa na askari wapatao 40,000. Kwa muda mfupi likapanuka likapita 100,000, na katika hao walioongezeka walikuwamo maelfu ya wanamgambo: wakulima, makarani, watu wa viwandani, pamoja na askari polisi na magereza. Mgambo wengi walikuwa wamejifunzia kwata kijijini kwa bunduki za mbao. Hapo ndipo utani ulipoanzia. Tulipewa mmoja awe mbeba makombora wa mota yetu, Msukuma wa vijijini Shinyanga, na siku ile ile tukamwita Mbao. Akaulizwa kama bunduki yake ya kijijini ilikuwa ya mninga au ya mpingo. Akasema ya mninga, na kwamba tangu apewe haijawahi kukwama hata siku moja, wakati ya Koplo wetu ilikuwa imekwama asubuhi ile. Akawa wetu.

Jioni ya tarehe 10 Machi pale Lukaya tulipigwa maroketi ya Katyusha na majeshi ya Libya na ya Amin kwa pamoja. Brigedi ya 201 iliyokuwa mbele ilikuwa na mgambo wengi ambao hawajawahi kusikia mlio ule. Mstari ulivunjika, watu wakarudi nyuma gizani bila mpangilio. Hilo limeandikwa na silikatai. Lakini sikiliza na la pili. Usiku ule ule watu walikusanywa, wakapangwa upya, na kesho yake tarehe 11 brigedi hiyo hiyo ikarudi mbele huku Brigedi ya 208 ikimzunguka adui na kumpiga kutoka upande mwingine. Lukaya ikachukuliwa. Tarehe 11 Aprili Kampala ilikuwa mikononi mwetu.

Mbao tulimpoteza gizani. Tulimhesabu amekwenda. Kulipoanza kupambazuka tukamwona anakuja kutoka upande wa kinamasi, amelowa mpaka kifuani, kiatu kimoja hakipo, na makombora yote aliyopewa yako mgongoni. Hakuacha hata moja. Kila aliyewahi kukimbia akiwa na mzigo anajua kwamba kitu cha kwanza mwili unachotaka ni kuutupa. Koplo akamuuliza kwa nini hakuyatupa. Akasema aliambiwa ni ya serikali. Asubuhi ile makombora yale tuliyapiga yote.

Baada ya vita jeshi lilipunguzwa na mgambo wengi wakarudi vijijini kwao. Walipigiwa makofi, wakashuka kwenye malori, wakashika jembe. Sisi tuliobaki tulipata vyeo, mafunzo, pensheni, kadi ya mstaafu. Leo wastaafu wakikaa pamoja na utani ukianza, kila mmoja ana wa kumjibia: Anga wapo, mizinga wapo, JKT wapo. Mgambo hayupo, na utani wa Lukaya unapigwa naye hayupo. Nimewasikia watu waliozaliwa baada ya 1979 wakisema "kukimbia kama mgambo wa Lukaya" na kucheka. Huo siukubali, nao si utani. Hawakuwapo kwenye kinamasi kile na hawatachimba kaburi la mtu yeyote aliyekuwapo. Sajini wa mizinga angesema neno lile na Mbao angemjibu, na hapo pangekuwa na haki. Sisi wengine tulio hai tukikaa kimya, tunawaachia watu baki wawacheke wenzetu.

Hapa Tabora tumeanza jambo dogo. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, baada ya shughuli za kiserikali tunakula pamoja, na sasa tumekubaliana kila mmoja amlete mgambo mmoja anayemjua, nauli tunachanga. Mbao alikuja. Alikaa meza ya watu wa Anga kwa makusudi na kabla wali haujafika alikuwa ameshawaulizia swala. Mzee mmoja wa Anga alimuuliza naye habari za kiatu chake cha pili, na nilimwona Mbao akifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu tukiwa vijana, kwa sababu aliyemuuliza alikuwa Uganda mwaka ule.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hili. Majibu mtakayoyapata wiki hii yatakuwa ya wenye kadi na wenye simu za kusomea gazeti. Mgambo wa 1978 walio hai wamevuka miaka sitini na kitu, wengi sabini, na wako vijijini Shinyanga, Mara, Kagera, Kigoma na kwingineko. Swali hili hili wapelekewe na wao, na itabidi mtume mtu aende kwa miguu yake. Akipita Tabora nitampa majina na nitampeleka kwa wawili wa kwanza mwenyewe.